Kwale Wawili Wasio na Manyoya

Msomaji wangu, mimi niko Same, mji wa upepo na vumbi. Najua wengi wenu Same mnaijua kwa dirishani tu. Basi la Arusha linasimama, mnanunua maji na karanga, mnalalamikia jua, dereva anapiga honi, mnapotea. Mngegeuza shingo kidogo mngeiona milima imepanda nyuma ya mji kama ukuta. Huko ndiko Upare, na huko ndiko yalikonikuta haya ya leo. Nitayasema yote, hata lile ambalo sikulisema pale lilipotakiwa kusemwa.

Wale waliozoea safu hii kwa mambo ya wapenzi na mitindo wanisamehe wiki hii. Leo tunaenda porini.

Mwanzo wake ni mjomba wangu. Mjomba ni mzee wa miaka 67, anakaa Suji, huko juu kwenye baridi. Ana bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kaimiliki kihalali tangu mimi sijazaliwa, na kila mwaka msimu wa kuwinda unapofunguliwa mwezi Julai huteremka mjini kufuatilia leseni yake. Si leseni ya tembo, bwana. Ni ya kanga na kwale. Mwaka jana aliteremka kama kawaida, akanikuta kijiweni karibu na stendi, mimi na washikaji zangu tunabishana habari za Simba na Yanga saa nne asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba." Sisi tunaitana hivyohivyo, mjomba kwa mjomba. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye raba zangu nyeupe. "Umemaliza kidato cha nne lini?"

Nikamtajia mwaka.

"Na tangu hapo?"

Nikamwambia naandika gazetini. Akasema gazeti haliliwi, labda kwa kufungia maandazi. Wanawe wawili wako Dar es Salaam, hawana habari na milima. Anatafuta mtu wa kumbebea mkoba na, Mungu akipenda, wa kumrithi bunduki siku akichoka. Akaniuliza kama nina miguu.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kujiona. Mimi na bunduki ya mitutu miwili! Kijiwe kizima kikanipigia makofi. Jioni Mjomba akaja nyumbani kuomba ruhusa kwa Mama, maana Mama ni mdogo wake na mimi ndiye kitinda mimba. Mama hakupenda, lakini kaka mkubwa hakataliwi kirahisi. Akasema tu, "Kaka, nakupa mtu mzima. Unirudishie mtu mzima."

Mjomba akacheka. "Kwani naenda naye vitani?"

Tulifika Suji kwa gari lililojaa mpaka kondakta akawa ananing'inia nje. Usiku Mjomba akanipa makande, na makande ya Upare, msomaji, ukiyala kwenye baridi ile unaweza kusahau kwenu. Halafu likaanza somo. Mimi nilidhani mwindaji anachukua bunduki na kuingia porini, basi. Kumbe kuna mambo kama ya mahakamani.

Kwanza karatasi. Bunduki ina leseni yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuwinda kuna leseni nyingine chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Hii ya pili inaandikwa ndege gani, wangapi na eneo gani. Ukizidisha hata mmoja, wewe ni jangili, hata kama una karatasi mfukoni. Ukitega nyaya, ukitia sumu au ukimulika tochi usiku, wewe ni jangili vilevile.

Pili mipaka. Akachora chini kwa kijiti. "Upande huu wa mashariki, Mkomazi. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951, na tangu 2008 ni Hifadhi ya Taifa. Huko usiokote hata unyoya. Huku juu, msitu wa Chome mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare. Nao ni hifadhi. Kuna ndege mdogo humo, wa kijani, ana duara jeupe jichoni, haonekani mahali pengine popote duniani ila katika milima yetu hii ya Upare Kusini. Huyo mtazame, mshukuru Mungu, uende zako." Halafu akachora upande wa magharibi, kule milima inakoteremkia Makanya. "Sisi ni hapa. Penye jua."

Tatu zikaja sheria zake mwenyewe, nazo zilikuwa tatu. Ya kwanza, bunduki sishiki, kwa kuwa leseni si ya jina langu. Nitabeba maji, mkoba na mdomo uliofungwa. Ya pili, ndege ambaye hujamwona si ndege. "Sauti haipigwi risasi. Majani yanayotikisika hayapigwi risasi. Mpaka uone kichwa, shingo na miguu." Ya tatu, mahali atakaponiweka ndipo nitakapokaa mpaka aje kunichukua mwenyewe.

Nikaitikia zote tatu. Kuitikia ni rahisi ukiwa umeshiba makande.

Tuliamka saa tisa na nusu usiku. Kutoka Suji kuteremka mpaka kwenye vilima vikavu ni safari ya magoti. Njia ni mawe matupu, yanateleza kama gololi. Huku juu umevaa sweta na unatetemeka, ukifika chini umelivua na unatafuta kivuli. Ukipata mwanga unaona mibuyu imesimama mmoja mmoja, migunga, minyaa, na mbali kule bondeni malori ya barabara kuu madogo kama sisimizi, na reli ya Tanga imepita kando yake.

Siku ya kwanza niliiharibu mimi. Nilivaa raba zangu nyeupe na jaketi jekundu lenye maandishi mgongoni. Mjomba alikuwa amenitazama gizani, hakuona rangi. Kulipokucha akaniona, akashika kichwa. Tulikuwa tumejibanza juu ya korongo, na kundi la kanga lilikuwa linashuka kutoka kwenye miti walikolala. Kanga, msomaji, hulala juu ya miti kwa kuogopa wanyama, asubuhi hushuka na kutembea kwa mstari kwenda kutafuta chakula na maji. Wakati wa kiangazi wanakuwa kundi kubwa, kila mmoja anakula na kila mmoja anachungulia. Kidogo tu akitokea mmoja kushtuka, wote wanapiga kelele kama chuma kinachokwaruzwa, halafu wanakimbia. Kuruka wanaruka wakishindwa kabisa, lakini mbio zao! Mtu wa Same hawezi kumfukuza kanga mlimani labda awe anadaiwa.

Basi wanakuja, hatua mia, hatua themanini. Marisau hayaendi mbali, ukitaka kuua vizuri bila kujeruhi usubiri waingie ndani ya hatua arobaini. Hatua sitini. Nikasikia moyo wangu. Na hapohapo simu yangu mfukoni ikaanza kuimba bongofleva.

Sitaki kueleza zaidi. Tulipanda mlima hadi Suji bila kusemezana.

Siku ya pili Mjomba akanivalisha koti lake kuukuu la kaki, rangi ya udongo mkavu. Simu ikabaki nyumbani. Raba zikabaki nyumbani, nikavaa kandambili za tairi. Siku hiyo nikaelewa kwa nini mzee wa miaka 67 anaacha blanketi saa tisa usiku. Kundi lilikuja mpaka nikaona madoa yao moja moja, yale madoa ambayo wanasema ndiyo yaliyowapa jina akina mama wa pwani kwa vitambaa vyao vya kanga. Nikaona vichwa vya buluu na ile pembe ndogo utosini. Mjomba hakutikisika. Alisubiri wawili wakatengana na wenzao, akapiga mara mbili, wakaanguka wawili. Wengine wakatawanyika. Hakupiga tena, ingawa karatasi ilikuwa inamruhusu.

"Mbona umewaacha?" nikamuuliza.

"Wataanza kutaga mvua zikija. Unataka mwakani tuwinde mawe?"

Jioni ile akanifundisha kuita kwale. Kule kwetu yuko kwale mwenye shingo ya njano, ana ngozi tupu kooni kama aliyenyolewa. Asubuhi na jioni dume hupanda juu ya kichuguu au kisiki akapiga ukelele wa kukwaruza unaoanza juu na kushuka. Maana yake ni kwamba hapa ni kwangu, mwenye ubavu aje. Ukimwigiza vizuri anakuja mwenyewe kutafuta ugomvi. Mjomba anakunja kiganja mdomoni, anakaza koo, na kwa kweli ukifumba macho huwezi kujua kama ni mtu. Mimi nilijaribu mpaka mke wa Mjomba akauliza kama nimepaliwa. Lakini kufika usiku nikawa nimeipata. Mjomba akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. "Una koo," akasema. Msomaji, tangu nitoke shule hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nina kitu.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Mjomba ni Msabato, kama walivyo wengi kule. Dini yao iliingia Upare mwaka 1903, wamisionari wa Kijerumani walipoanzia Giti, huko Mamba. Kwa hiyo Ijumaa jua likizama bunduki inatakiwa iwe imeshafutwa na kufungiwa. Tulichelewa kuteremka, tukafika vilimani alasiri, na muda ulikuwa mchache. Mjomba akaniweka chini ya mbuyu mkubwa. "Kaa hapa. Mgongo kwenye mti. Mimi nazunguka kile kilima, nitatokea upande wa pili. Usiondoke."

Akaenda. Nikakaa. Dakika ishirini, labda thelathini. Nikachoka kukaa, nikakunja kiganja, nikaita mara moja. Kimya. Nikaita tena.

Kwale akajibu.

Alijibu kutoka ng'ambo ya korongo, dume la nguvu, sauti imekaza. Nikaita, akajibu. Mwili wote ukanisisimka. Nikawaza, nikimvuta huyu mpaka hapa, Mjomba akirudi atamkuta amesimama mbele yangu. Lakini kwale hakusogea karibu. Nikawaza labda mbuyu unamtisha. Labda nikisogea kidogo mimi.

Nikasogea kidogo. Halafu kidogo tena. Nikashuka korongoni kwa tumbo, nikapanda upande wa pili, nikajiingiza chini ya kichaka cha mgunga. Mbuyu ulikuwa nyuma yangu hatua mia hivi. Nikaita. Akajibu, safari hii karibu sana. Nikaita tena kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa, nikausogeza tawi taratibu nimwone.

Nikaona matundu mawili meusi, yamekaa sambamba, hatua kama ishirini. Nyuma yake shavu la mjomba wangu limelala kwenye kitako cha bunduki, jicho moja limefumbwa.

Msomaji, watu husema ukikaribia kufa unaona maisha yako yote. Uongo. Mimi niliona kifungo kimoja cha shati lake kilichokuwa kimefungwa tundu siyo. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kusema ni mimi, nilitaka kuita Mungu. Mdomo wangu ukatoa kitu kimoja tu, kile ulichofundishwa tangu utotoni kumwambia mtu mzima.

"Shikamoo mjomba."

Bunduki haikushuka mara moja. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo. Ilikaa palepale muda wa pumzi moja, kama vile masikio yake yalikuwa yanabishana na macho. Halafu ikashuka. Mjomba akakaa chini, pale kwenye mawe. Akaikunja bunduki, akatoa risasi mbili, moja ikamponyoka mkononi ikabingirika korongoni. Hakuitafuta.

Na shikamoo yangu hakuiitikia.

Kwale niliyekuwa namwita alikuwa yeye. Na kwale aliyekuwa anamwita yeye nilikuwa mimi. Tulikuwa tumeitana muda wote ule, kila mmoja akimsifu mwenzake moyoni kwamba huyu ni dume hasa, kila mmoja akinyemelea chakula chake cha jioni.

Baadaye nilikuja kusoma habari za wenzetu wa Marekani, maana niliporudi mjini nilikuwa silali, ikabidi niingie kwenye intaneti nione kama kuna wajinga wengine duniani. Wako tele. Wao wana bata mzinga wa porini. Ndege huyo alikuwa karibu kwisha mwanzoni mwa karne ya 20, wakawakamata waliobaki, wakawahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu, wakazaa wakajaa tena. Kila majira ya kuchipua watu wanapanda milimani kwenye ardhi ya umma, wanajificha, wanamwigiza jike ili dume aje. Na ajali yao ndiyo hiyohiyo: mwindaji anamnyemelea mwindaji mwenzake kwa kufuata sauti. Kwa hiyo wanaoanza wanafundishwa. Usifuate sauti. Kaa, mwache ndege aje. Weka mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako. Usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume la bata mzinga. Ukimwona mtu anakuja, usimpungie mkono. Sema kwa sauti kubwa uko wapi.

Hata jina la ndege huyo ni kosa la kufananisha. Waingereza walikuwa wanamjua kanga wetu wa Afrika kwa kupitia wafanyabiashara wa upande wa Uturuki, wakamwita ndege wa Uturuki. Walipomwona yule wa Marekani wakadhani ni ndugu yake, wakambandika jina lilelile mpaka leo. Kumbe kumwona ndege akawa siye si ugonjwa wa Mjomba peke yake.

Mjomba hakusoma intaneti yoyote, lakini yale yote alinipa usiku wa kwanza kwa sheria mbili. Yeye alivunja ya pili. Nisubiri kidogo, nitafika kwenye ya tatu.

Tulipanda mlima gizani. Jua lilituzamia njiani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mjomba aliingia Sabato na bunduki begani. Karibu na nyumbani mimi ndiye nikasema, "Mjomba, Mama tusimwambie." Akasimama. Akaniambia Mpare hafichi kesi.

Mnajua utani tunaotaniwa. Wanasema Mpare anauza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Basi Jumapili Mjomba aliteremka nami mpaka Same, akaketi sebuleni kwa Mama, akawaita baba mdogo na shangazi waliokuwepo mjini, akafungua kesi ya kwale mwenyewe, dhidi yake mwenyewe. Alisimulia kila kitu akiwa ametazama sakafu. Jinsi alivyosikia sauti. Jinsi alivyoona kitu cha rangi ya udongo kinatikisika.

Mama alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Halafu akauliza swali moja. "Kaka, uliona nini?"

"Niliona kwale."

"Kwale amevaa koti lako?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi akasema ni macho, mzee anazeeka. Ikaamuliwa apelekwe Moshi, KCMC, akapimwe. Akapimwa, jicho la kulia likakutwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, akarudi anasoma Biblia bila kuinyoosha mkono mzima. Ukoo ukashusha pumzi. Kumbe ni macho tu! Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nikaona msimu ujao huo, nikaona na ule urithi wangu haujapotea.

Wiki mbili baadaye Mjomba akaipeleka bunduki polisi, akaisalimisha yeye mwenyewe na leseni yake. Nilimsindikiza. Nikamwambia, mjomba, si macho yamepona?

Akasema, "Macho yamepona. Lakini siku ile si macho yaliyonidanganya. Ni masikio, na tamaa. Hizo Moshi hawatibu."

Alitia sahihi, akapewa karatasi, akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati. Njia nzima alikuwa anatembea bega moja limeinama, kama vile bado limebeba.

Sasa naja kwenye lile nililosema mwanzoni.

Siku ile ya Jumapili sebuleni, Mjomba alieleza yote yaliyomhusu yeye. Lililonihusu mimi hakuligusa. Hakusema kwamba aliniweka chini ya mbuyu. Hakusema kwamba alipiga hesabu ya kilima na korongo ili upande wake na upande wangu visikutane, na kwamba mahali alipoelekeza bunduki palikuwa mahali pekee ambapo alijua kwa hakika kuwa mimi siko. Mama aliuliza, "Na huyu alikuwa wapi?" Mjomba akajibu, "Alikuwa kichakani." Kweli, nilikuwa kichakani. Akanyamaza, akaniachia nafasi niseme mwenyewe jinsi nilivyofika huko.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikanywa chai.

Tangu siku ile watoto wa Suji wanamtania kwa mbali, wanaita kama kwale akipita. Watu wazima wanasema mzee alitaka kumuua mpwa wake, bahati ya Mungu tu. Mtu aliyewinda miaka arobaini bila kumkwaruza hata mbuzi wa jirani, jina lake sasa ni hilo. Na mimi kijiweni nimekuwa shujaa aliyechungulia mtutu, naombwa nisimulie kila wiki, na kila nikisimulia naanzia kichakani. Sianzii kwenye mbuyu.

Nimejaribu mara tatu kumwambia Mama ana kwa ana. Kila nikifungua mdomo ananiuliza kama nimekula. Lakini najua jambo moja. Mama hununua gazeti hili kila wiki, hufungua ukurasa huu kwanza aone mwanawe ameandika upuuzi gani, ndipo huwapa majirani wafungie maandazi. Kwa hiyo Mama, kama umefika hapa: kaka yako aliniambia nisiondoke, nami niliitikia, halafu nikaondoka. Nilitambaa hatua mia bila kumwambia. Alikosea, na amekilipa kikosa chake kwa bunduki, kwa jicho na kwa jina. Mimi nilikosea na sijalipa hata shilingi.

Nawe kijana unayesoma, unayefikiria kupanda mlima na mzee wako msimu ukifunguliwa, nenda. Kapate kuona kanga wakishuka mitini alfajiri, hutajuta. Fuata karatasi, iache simu nyumbani, na sauti isiyo na miguu usiifuate. Ukiwekwa chini ya mbuyu, kaa.

Jumapili hii nitapanda Suji na nakala ya gazeti hili. Nitamsomea Mjomba, au atasoma mwenyewe, macho anayo. Lakini kabla ya hapo, mlangoni, nitamwamkia. Tangu siku ile tumesalimiana kwa mkono na kwa kichwa tu, kila mmoja anaikwepa ile salamu. Sijui kama ataniitikia. Ninayo ile moja anayonidai tangu kichakani, na nadhani mimi ndiye ninayemdai zaidi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, kwa mambo mepesi zaidi.